Ukuta wa Mita Moja

Nyumba yangu haina ukuta wa mita moja. Nasema hivyo mapema kwa sababu mjukuu wangu aliuona, akanionyesha kwa kidole, na mimi nikauona pia: mweusi, mnene, umesimama katikati ya nyumba niliyokaa zaidi ya miaka arobaini. Ulikuwa kwenye kompyuta yake. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, mabati yanalia juu kwa joto, na mgongo wangu ukaingiwa na baridi.

Mjukuu huyo ni binti wa mwanangu wa pili, yule anayeuza samaki kule Kasenga. Alikuja kwangu ili asome chuo kikuu cha Kasapa, akamaliza, akapata kazi kwa watu wa kujenga. Kazi yake si kushika mwiko. Anakaa mezani. Wanampa ramani ya nyumba ambayo bado haijasimama, naye anasema itakula matofali mangapi, mifuko mingapi ya simenti, magari mangapi ya mchanga. Mwanzoni nilimwambia hiyo si kazi, ni kubahatisha ukiwa umekaa. Alicheka.

Kiangazi kile akaamua kuniwekea karo, vile vigae vya sakafu. Sakafu yangu ya simenti ilikuwa imepasuka, na nilikuwa nimejikwaa kwenye ufa nikaanguka, goti likavimba kama boga.

"Nkambo," akaniambia, maana huku kwetu bibi tunamwita nkambo, na babu ni nkambo vilevile, "hii sakafu tunaitosha yote, tunaiondoa. Fundi atavunja, atachimba kidogo, atamwanga beto mupya ya simenti, kisha karo juu. Nyumba muzima."

"Nyumba nzima?"

"Hata chumba ya nyuma."

Niliendelea kuchambua maharage. Lakini tangu siku ile nilibaki na jambo moja tu kichwani: fundi atavunja, fundi atachimba. Katika chumba cha nyuma kuna mahali ambapo sikutaka mtu achimbe, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwa nini.

Jumapili mjukuu alipima nyumba kwa nje, akazunguka na metre yake ya chuma, anaandika kwenye simu. Jumatatu kazi ikamwita Sakania, siku kumi. Akaniachia ile metre. "Nkambo, munipimie ndani, chumba kwa chumba. Munitumie kwa simu."

Hilo niliweza. Shule sikuisoma sana, lakini nambari nazijua, na nilikuwa mke wa fundi wa kujenga, masoni kama tunavyosema huku. Miaka mingi nilimshikia mume wangu mwisho wa uzi. Alinifundisha namna moja tu ya kupima sakafu: unapima pale simenti inapofika. Simenti ikiishia, na metre inaishia.

Basi nikapima. Sebule, jiko, vyumba vya kulala. Mwishoni nikafungua chumba cha nyuma. Nikabandika metre kwenye ukuta wa mbali, nikaivuta kuja upande wa nyumba hadi ukingo wa simenti, nikasoma: mbili. Upana: nne. Nikatuma. Sikudanganya. Mkono wangu ulisimama pale ulipozoea kusimama, na miguu yangu pia, kwa sababu haikuwahi hata siku moja kupita ukingo ule.

Aliporudi kutoka Sakania alikula bukari, ndiyo ugali wetu, akanawa mikono, akafungua kompyuta juu ya meza. Akaniita nione. Kumbe ile kazi yake ina akili. Kwanza anaiambia mashine urefu mmoja wa kweli, ili ijue ukubwa wa mengine yote. Kisha anachora vyumba. Kisha anasema karo yangu ina sentimita arobaini kwa arobaini, na hapohapo mistari inashuka juu ya chumba, kwenda na kurudi, miraba mitupu, kama mtu ametupa wavu. Chini inakuja nambari. Akiusogeza wavu kidogo, miraba ya pembeni inakatika kwa namna nyingine na nambari inabadilika.

"Yote inategemea karo ya kwanza unaitia wapi," akasema. "Ukianzia mubaya, unamaliza na vipande vidogo-vidogo kwenye kibambazi." Akagonga ukuta kwa kidole.

Hilo nalo nililijua. Mume wangu alikuwa anasema vilevile, na yeye hakuwa na mashine.

"Muone chumba ya nyuma, Nkambo. Karo makumi tano. Hakuna hata moja ya kukata. Chumba ya namna hii sijaiona." Akakunja uso. "Paka kintu moja tu sielewi. Kwa inje nilipata metre tisa. Ndani, nikiunganisha vyumba na vibambazi vyote, napata munane. Metre moja imeenda wapi?"

Ndipo akaugusa ule weusi. Ulikuwa kati ya nyumba na chumba cha nyuma. Mistari ilikuja upande huu ikasimama, na upande wa pili ikasimama.

"Kibambazi ya metre muzima! Hata prizo ya kufungia wezi haina ya vile. Munafichamo nini, Nkambo, almasi?"

"Mashine yako ni pumbavu," nikamwambia. "Nenda upime mwenyewe."

Nikaingia jikoni. Sikuwa na kazi jikoni.

Tulipooana, nyumba hii ilikuwa na vyumba viwili. Katika kiwanja chetu kulikuwa na kichuguu kikubwa kuliko nyumba yenyewe. Mume wangu alikibomoa, akafyatua matofali, akayachoma, akajenga vyumba vingine. Masika yaliyofuata nilikuwa na mimba ya kwanza. Yeye alikuwa ameenda kujenga mbali. Uchungu ukanishika kabla ya wakati wake, na aliyenizalisha ni mama yake, pamoja na wanawake wawili wazee ambao wote wamekwisha kufa. Nilisikia kitu kama kikohozi kidogo. Mara moja. Baada ya pale sikusikia kitu.

Mama mkwe alimfunga katika kitambaa chake cha kichwa. "Usilie," akasema. "Uyu hakufika bado. Ukilia, unafunga njia ya bengine."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtoto wa namna hiyo hakupelekwa makaburini. Hakupewa jina, hakufanyiwa matanga, padri hakuitwa. Wanawake wazee walimlaza nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa mabati, pale maji ya mvua yanapodondoka, ili pabaki baridi na tumbo la mama lipoe. Mama mwenyewe hakuonyeshwa mahali. Sikuonyeshwa. Sikulia. Mvua ya mwaka ule ilikuwa ndefu, na nililala kitandani nikiyasikiliza maji yakidondoka upande wote wa nyuma, kutoka kona hadi kona, nisijue ni tone lipi.

Wakaja wengine watano, wazima. Watu wakiniuliza nina watoto wangapi, najibu watano.

Watano hao wakajaa nyumba, na mume wangu akaamua kuongeza chumba. Mbele ni barabara, kando ni jirani. Ilibaki nyuma. Alisawazisha udongo, akachukua kijiti, akaanza kuchora miraba chini, kila mraba hatua moja. Ndiyo ilikuwa hesabu yake. Alihesabu miraba, akajua matofali, mchanga na simenti, na sikumwona akikosea. Nilikuwa nimesimama na uzi mkononi. Alianzia mbali, akaja na mistari yake kuelekea nyumba, mmoja, wa pili, wa tatu. Alipofika chini ya mabati alinyanyua kijiti. Mistari yote ikakatika pamoja, kama ukingo wa kitambaa. Akavuka pale kwa hatua moja kubwa, akasimama karibu na ukuta wa zamani, mgongo kwangu.

Ndivyo nilivyojua. Mama yake alikuwa amemwonyesha. Mimi niliyembeba sikuonyeshwa, na yeye aliyekuwa safarini alionyeshwa.

"Na pale?" nikamuuliza.

"Pale hatuhesabu," akasema.

Hakuna kingine tulichosema juu ya jambo hilo, siku ile na siku zote, mpaka nikamzika. Alijenga chumba. Alimwaga simenti mpaka pale kijiti kilipokoma. Kile kipande kingine, mita moja kutoka ukuta wa zamani, kona hadi kona, alikitandika mchanga na kupanga juu yake matofali makavu, bila simenti. Mlango hakuupitisha katika ukuta wa zamani, mahali ambapo kila masoni angeupitisha. Aliuweka kando, unatokea uani, ili mtu asikanyage pale akiingia. Mimi nikatandika mkeka juu ya matofali, nimesimama kwenye simenti.

Watu waliuliza. Akasema simenti iliisha. Mama mmoja jirani yetu, mwenye mdomo, akacheka mpaka akashika ukuta: "Masoni ya kuishiwa simenti kwake mwenyewe!" Jina likamganda. Akipita barabarani, mtu anamwita, "Masoni, leo imetosha?" Yeye anacheka pamoja nao. Watu waliokuwa wanamwamini wakaanza kumuuliza mara mbili, fundi, una hakika na hesabu yako? Niliyasikia hayo miaka na miaka. Ningeweza kusema neno moja likaisha. Sikulisema.

Mimi si mtu wa kuona vitu. Wanaokuja kunisimulia vivuli na sauti ninawapa kazi. Lakini nitasema ninayoyajua. Ule mkeka haukulala sawa. Niliunyoosha asubuhi, mchana pembe moja imekunjika, daima ile ya kushoto. Nikanunua mwingine, ukakunjika palepale. Kila masika matofali yale yalitoa harufu ya udongo uliolowa, na juu yake kuna mabati mazima, hayavuji. Watoto wangu walilala katika chumba kile miaka yote, na wote watano walilaza vichwa upande mwingine. Hakuna aliyewaambia. Walipoondoka nikakifunga kwa ufunguo.

Basi nilikuwa jikoni, nasikia metre ya mjukuu ikiteleza kule nyuma. Ikateleza, ikagonga ukuta, kisha kimya. Akarudi na vumbi kwenye magoti.

"Nkambo, chumba iko na metre tatu. Chini ya mukeka kuko matofali bila simenti."

"Ndiyo."

"Baba aliniambiaka simenti ilimuishia nkambo mwanaume."

"Ndivyo watu wanavyosema."

Akakaa mbele ya mashine yake, akaandika kitu, akanitazama. "Nimehesabu. Kipande ile inakula mufuko moja ya simenti, kama na nusu. Muntu alihesabu nyumba muzima na kijiti, halafu anakosa mufuko moja? Hapana, Nkambo. Ule hakukosea. Aliachaka." Akangoja. "Fundi anakuja siku ya ine na nyundo. Nimuambie nini?"

Ningeweza kumwambia mfukuze fundi. Ningeweza kumwambia sitaki karo. Mdomo wangu ulikuwa umezoea kufungwa hivyo. Lakini mtoto huyu alikuwa amefanya hesabu ya kweli, na hesabu yake ilikuwa imemtetea babu yake mbele yangu, kitu ambacho mimi mkewe sikukifanya.

"Kuko mutoto pale," nikasema.

Akaondoa mikono kwenye mashine. Nikamwambia yote, nimesimama, kwa maneno machache. Hakulia, na nilimshukuru kwa hilo, maana ningemgombeza. Kisha akauliza:

"Musichana ao mwanaume?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Sijue," nikamwambia. "Habakuniambia."

Akageukia kazi yake, nadhani ili asinitazame. Akaufuta ule ukuta mweusi. Chumba kikapanuka, mita tatu kamili, na miraba ikakifunika chote: sabini na tano. Kisha akachora kisanduku kirefu kando ya ukuta wa zamani, akabonyeza, na ndani ya kisanduku miraba ikatoweka. Hamsini tena.

"Vile," akasema polepole. "Pale nimetoboa. Karatasi itamuambia fundi asiguse. Mashine haihesabu pale."

Nikatazama. Mistari ilitoka mbali, ikaja kuelekea nyumba, mmoja, wa pili, wa tatu, ikafika chini ya mabati, ikakatika yote pamoja. Nilimwona. Sisemi niliona kivuli. Namaanisha nilimjua, jinsi alivyonyanyua kijiti, jinsi alivyovuka, na mgongo wake. Alikuwa bado amesimama pale karibu na ukuta, hajageuka miaka yote hii, na nyuma yake yule mdogo ambaye hata mashine ilikuwa imefundishwa kumruka.

"Rudisha," nikasema.

"Nini, Nkambo?"

"Mistari. Rudisha mistari. Umuhesabu na yeye."

"Lakini fundi akiona vile, atachimba."

"Hatachimba. Nitakuwa nimesimama pale."

Akabonyeza. Miraba ikarudi. Sabini na tano. Akaniuliza, karo ya kwanza tuitie wapi, kwa desturi wanaanzia mlangoni. Nikamwambia anzia kwa ukuta wa zamani. Karo nzima ziwe kule, vipande vya kukatwa viende upande mwingine.

Fundi wa karo alikuja siku ya nne, ndiyo Alhamisi, mwanaume wa tumbo kubwa na nyimbo za kanisani. Katika vyumba vingine alivunja na kuchimba alivyotaka. Katika chumba cha nyuma alinikuta nimekaa kwenye kiti, kiti changu kipo juu ya simenti, miguu kwenye ukingo.

"Mama, mutoke kidogo, nichimbe."

"Hapa huchimbi. Unatandika mchanga kidogo juu ya matofali, unapanga karo zako, basi."

"Bila simenti? Mama yangu, zitatingishika!"

"Zitingishike."

"Bataniita fundi mubaya."

"Aliyepanga haya matofali walimwita fundi mubaya mpaka alipokufa. Na wewe utavumilia."

Akacheka, akamtazama mjukuu wangu, mjukuu akamwonyesha karatasi. Akakubali. Kisha akatoa uzi ili anyooshe mstari wa kwanza. Mwisho mmoja aliushika mjukuu. Mwingine ulitakiwa kushikwa kwenye ukuta wa zamani, kona ya kushoto, na fundi akaanza kutafuta msumari.

"Lete," nikasema.

Nikavua kandambili. Nikavuka ukingo wa simenti. Matofali yalikuwa baridi kama vile mtu ametoka kuyamwagia maji sasa hivi, na mvua ilikuwa haijanyesha miezi minne. Yalizama kidogo chini ya uzito wangu, mchanga ukatoa sauti. Nikachutama na goti langu bovu, nikabana uzi ukutani kwa kidole gumba kama nilivyozoea kumfanyia mume wangu. Sijui nilikaa pale kiasi gani. Niliposikia fundi akisema, "Mama, basi, imetosha," kumbe alikuwa amekwisha kuisema mara kadhaa, na mjukuu alikuwa amekwisha kuachia upande wake.

Karo zilitosha. Katika zile alizoongeza mjukuu kwa ajili ya kuvunjika zilibaki mbili.

Jioni yule jirani mwenye mdomo akaja kuangalia. Sasa ni mzee kama mimi, anatembea na fimbo, mdomo bado ni ule ule. Akachungulia mlangoni. "Eh! Mwishowe simenti ya masoni imepatikana!"

Fundi alikuwa anaosha vyombo vyake uani, mjukuu anafagia. Wote walisikia, na nilitaka wasikie.

"Simenti haikuisha," nikamwambia. "Hakuishiwa hata siku moja. Pale tulimlaza mtoto wetu wa kwanza, na yeye hakutaka kumwaga simenti juu yake. Umemcheka bure, mama. Na mimi nilikuacha ucheke."

Kisha akakaa kwenye kizingiti, polepole, kama mtu anayetua mzigo. Nilingoja aniombe msamaha ama anijibu vibaya, moja kati ya hayo mawili.

"Na mimi niko na moja," akasema. "Nyuma ya jiko. Wale wapangaji wangu banamwangaka pale maji ya vyombo. Ninaachaka tu bamwange."

Tukakaa. Mjukuu aliacha kufagia. Jua lilikuwa bado kwenye ukuta, na karo zilikuwa nyeupe mpaka zinauma macho, miraba na miraba, bila mahali pa kukatika.

Sasa naingia chumba kile kila siku. Ukipita kando ya ukuta wa zamani karo zinagongana chini ya mguu, kidogo, kama meno. Wakati mwingine niko jikoni nasikia zimegonga mara moja, na mlango wa nyuma nimeufunga mwenyewe. Sitasema ni nini. Mabati yanatanuka kwa jua, nyumba inatingishika malori yakipita. Naitikia tu, kama unavyomwitikia mtu wa nyumbani, na naendelea kupika.

Mkeka nimeukunja, nimeusimamisha nyuma ya mlango. Pembe ya kushoto bado imekunjika. Sijainyoosha.